Alama Kwenye Mdeki

Maiti ilikuwa imelala chali kando ya meza ya kwanza ya uwanja wa shabaha, mguu mmoja ukiwa bado umening'inia juu ya benchi. Gobori lilianguka hatua mbili mbele. Mtutu wake ulikuwa umefunguka ubavuni kama mshono wa suruali, na kipande cha chuma kilichoruka kutoka hapo, kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kilikuwa ndani ya shingo ya marehemu.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi. Moshi ulikuwa umeshaondoka, harufu ya baruti ilibaki.

Inspekta aliinama, akatazama, akasimama. Alikuwa na miaka ishirini na sita kazini, na kwa muda mrefu sasa maiti haikumletea hisia yoyote zaidi ya ile anayoipata mtu akikuta foleni ndefu dirishani. Akamwambia Sajini apige picha kabla jua halijahama. Sajini, mwanamke mwenye mikono ya haraka na maneno machache, alikuwa ameshaanza.

Marehemu alikuwa mpima ardhi mstaafu, umri miaka sitini na moja. Pale uwanjani walimwita Mzee Milimita, kwa sababu alipima kila kitu, hata umbali wa kikombe chake cha chai kutoka ukingo wa meza. Alikuwa mwanafunzi wa miezi minne. Kabla ya hapo hakuwahi kushika bunduki.

Mwalimu wa shabaha, mzee mwembamba ambaye sikio lake la kushoto lilikufa zamani kwa sababu ya milio, alikuwa ameketi juu ya kreti tupu, mikono katikati ya magoti.

"Ulikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Meza ya tatu. Nilikuwa nimempa mgongo."

"Unamwachaje mwanafunzi peke yake?"

"Hakuwa mtu wa kushikwa mkono tena. Alikuwa anajaza vizuri kuliko mimi."

"Mtutu ulikuwa mbovu?"

"Mpya. Niliukagua Ijumaa. Andika hivyo, afande. Niliukagua Ijumaa."

Kisha akaeleza jinsi anavyowaanzisha watu. Gobori, alisema, si bunduki ya kisasa ambayo unaitia risasi na kupiga. Linajazwa kwa mdomo wa mtutu. Unapima baruti nyeusi kwa kikombe chake na kuimimina ndani ya mtutu. Unaweka risasi ya mviringo iliyofungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, unaisukuma kwa mdeki, yaani ule ufito mrefu wa kushindilia, mpaka ikalie baruti. Ikalie kabisa. Ikibaki juu pakawa na nafasi ya hewa katikati, mtutu unaweza kupasuka.

Kwa hiyo somo lake la kwanza halikuwa na mlio wowote. Mwanafunzi alichonga mdeki wake mwenyewe, akaushusha ndani ya gobori lililojazwa sawasawa, na pale ufito ulipokutana na mdomo wa mtutu akauzungushia utepe mwekundu. Baada ya siku hiyo, kila alipojaza alisukuma mpaka utepe ufike mdomoni. Ukifika, risasi imekaa. Usipofika, hupigi.

"Na mdeki wake ulikuwa unakaa wapi?"

"Kwake. Magobori yanalala ghalani kwangu, chini ya kufuli. Lakini mdeki ni wa mtu, kama mswaki."

Sajini aliuchukua mdeki uliokuwa umeegemea meza, akautia ndani ya mfuko mrefu wa vielelezo pamoja na kikombe cha baruti na daftari dogo jeusi lililokutwa mfukoni mwa marehemu.

Mchana huohuo walikwenda kumpa mkewe habari. Ilikuwa nyumba ndogo safi, yenye harufu ya sabuni na dawa. Aliyewafungulia alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mikono imelowa, taulo begani. Inspekta alimwambia kwa maneno yaleyale anayotumia siku zote, kwa sababu alikwishagundua kwamba hakuna mengine.

Mwanamke alisema, "Nimesikia." Kisha akaomba radhi, saa ya kumgeuza mama ilikuwa imefika, na mama hawezi kungoja.

Sajini alimfuata hadi mlangoni mwa chumba cha ndani. Kitandani alilala ajuza mwepesi kama nguo iliyoanikwa, mama yake marehemu, ambaye kiharusi kilimwangusha miaka kumi na minne iliyopita na hakuinuka tena. Mezani kulikuwa na beseni, mafuta ya mgongo, mkebe wa poda, vitambaa vilivyokunjwa. Ukutani palibandikwa karatasi yenye saa za siku nzima, kila baada ya saa mbili, kwa mwandiko mmoja. Mkwewe alimgeuza, akampangusa, akampaka mafuta, akammwagia poda na kuisambaza kwa vidole, taratibu. Sajini alipotoka alimwambia Inspekta kwamba hajui kama yule mjane ameelewa alichoambiwa.

"Ameelewa," Inspekta alisema.

Jumatatu dada wa marehemu alifika kituoni. Alitaka mwalimu ashtakiwe. Kaka yake, alisema, alikuwa mtu makini kuliko wote, hawezi kukosea, kwa hiyo aliyekosea ni mwingine. Aliongeza kwamba wifi yake hakutoa hata chozi makaburini, watu wamesema. Inspekta aliandika yote mawili.

Mkuu wa kituo naye alitaka jalada lifungwe kabla ya wiki kuisha: kifo kwa uzembe, mshtakiwa mwalimu. Kibali cha mwalimu kilikuwa kimeshachukuliwa na uwanja umefungwa kwa mnyororo. Mzee hakulalamika. Kila asubuhi alikuja kuketi kwenye benchi nje ya kituo, asije akatafutwa akakosekana. Askari wa zamu walizoea kumruka miguu.

Jumatano mtaalamu wa silaha alipiga simu kutoka maabara. Inspekta akaenda mwenyewe.

Mtaalamu alikuwa amechukua gobori jingine la aina ileile, akalijaza kwa kikombe cha marehemu, akasukuma risasi kwa mdeki wa marehemu mpaka utepe mwekundu ukafika mdomoni. Kisha akaendelea kusukuma. Ufito ukazama zaidi.

"Sentimita sita," alisema. "Alama inasema risasi imekaa, na risasi bado iko juu. Marehemu hakukosea. Alifuata alama. Iliyokosea ni alama."

Akamsogezea taa. Juu ya utepe, upande wa kishikio, sentimita sita kamili, palikuwa na mkanda mwembamba wa gundi iliyofifia, umenasa vumbi. Hapo ndipo utepe ulipofungwa mara ya kwanza.

"Mtu aliuhamisha," Inspekta alisema.

"Aliubandua na kuufunga upya. Kwa uangalifu."

"Mtutu ungepasuka siku ileile?"

"Si lazima. Ukiwa na nafasi ya hewa kama hiyo unaweza kupiga risasi thelathini na ukarudi nyumbani kula. Ya thelathini na moja inakataa."

Alama za vidole hazikusaidia. Ufitoni kulikuwa na za marehemu na chache za mwalimu, nyingine zimevurugika. Lakini chini ya utepe, ndani ya gundi, kulikuwa na unga mweupe laini. Mtaalamu alikuwa ameupima. Ni poda ya mwili, alisema, ya kawaida, ile inayouzwa kila duka.

Usiku ule Inspekta hakufanya lolote. Asubuhi alifungua daftari jeusi. Mpima ardhi alikuwa ameandika kila risasi aliyowahi kupiga: tarehe, upepo, mahali ilipotua. Miezi mitatu ya kwanza nukta zake zilikuwa zinakaribiana wiki hadi wiki, mpaka zikawa kama mbegu ndani ya tunda. Halafu Jumamosi moja zikatawanyika. *Chini. Juu kushoto. Chini tena. Teke la gobori kubwa kuliko kawaida. Mwalimu anasema natikisika.* Jumamosi iliyofuata, hivyohivyo. *Nitazoeza mkono.* Na nyingine, na nyingine. Jumamosi ya tano hakuandika kitu.

Basi utepe ulihamishwa kabla ya ile Jumamosi ya kwanza mbaya, ndani ya siku ambazo mdeki ulikuwa nyumbani kwake.

Inspekta alimwita mwalimu kutoka benchini, akamwonyesha picha ya gundi na ukurasa wa daftari. Mzee alizitazama kwa muda mrefu.

"Hukuwahi kukagua alama yake tena?"

"Mtu ameweka mawe ya mipaka miaka thelathini," mzee alisema. "Nimwambie apime upya alama aliyoipima mwenyewe?" Akalirudisha daftari mezani, polepole. "Nilimkaripia, afande. Wiki nne nilimkaripia kwa kutikisika. Na hakuwa anatikisika."

Inspekta alimwambia arudi nyumbani. Mzee akarudi benchini.

Alhamisi, saa saba na robo mchana, Inspekta na Sajini waligonga tena mlango wa ile nyumba. Njiani Sajini alikuwa ameuliza, bila kumtazama, mama yake Inspekta anakaa na nani. Inspekta alijibu kwamba anakaa na mdogo wake wa kike.

Mjane aliwakaribisha sebuleni, akaketi mahali ambapo angeweza kuuona mlango wa chumba cha ndani. Nyuma ya mlango wa sebule palikuwa na ndoano mbili za mbao zilizopigwa kwa kipimo, tupu. Inspekta aliuliza zilikuwa za nini, naye akajibu kuwa mdeki ulikuwa unakaa hapo.

Akaulizwa kama kuna mtu mwingine aliyekuwa anaingia nyumbani. Hakuna. Wifi? Alikuja mara ya mwisho mwaka jana, akakaa dakika ishirini, akasema chumba kina joto. Mumewe aliwahi kuzungumza juu ya bunduki? Kila siku, alisema. Mwalimu alikuwa amewapa wanaoanza kijitabu cha kurasa kumi na moja, na mumewe alikuwa akimsomea kwa sauti wakati yeye anamlisha mama, kisha anamuuliza maswali kama mtoto wa shule.

"Ukurasa wa nne unasema nini?" Inspekta aliuliza.

"Usiache nafasi kati ya risasi na baruti."

Alijibu bila kufikiri.

Inspekta alitoa picha ya utepe akaiweka mezani. Alimweleza juu ya gundi, sentimita sita, unga mweupe. Hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba unga ule ni poda ya mwili na kwamba poda ipo ndani ya nyumba hii, na hilo peke yake halimfungi mtu. Mtu anaweza kuhamisha alama yake mwenyewe kwa makosa, akiwa ametoka kumhudumia mgonjwa, vidole vikiwa na poda.

"Kwa hiyo nina swali moja," alisema. "Jibu baada ya kufikiri. Mumeo alikuwa anakusaidia kumpaka mama poda?"

Sajini aliacha kuandika.

Mwanamke alielewa alichoulizwa. Ilionekana machoni, kama mtu anayesoma kibao barabarani. Ndiyo moja tu, na jalada lingefungwa: mumewe alipima vibaya, akafa kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu angerudishiwa kibali chake. Yeye angebaki kwake. Alitazama mlango wa chumba cha ndani, akatazama mikono yake.

"Hapana," alisema. "Hata siku moja."

"Una hakika?"

"Miaka kumi na minne, afande. Mama yake mzazi. Hajawahi kuugusa mgongo wake. Siwezi kumpa hilo."

Inspekta alimtahadharisha kisheria, kwamba halazimiki kusema zaidi. Alisema ameelewa. Kisha akasema yote, sauti yake ikiwa ileile aliyotumia kuwakaribisha.

Mumewe alimwahidi kwamba akistaafu watagawana. Usiku mmoja wako, usiku mmoja wangu. Alikuwa akilisema hilo mbele ya wageni, na wageni wakamsifu. Siku aliyostaafu alirudi na chupa ya chai aliyopewa zawadi, akavua viatu, akasema sasa anapumzika. Baada ya wiki mbili alijiandikisha uwanjani. Alikuwa na furaha. Hakuwa mtu mbaya, mwanamke alisema, hakupiga, hakutukana. Alikuwa anaanza kitu kipya, na alitaka kila mtu aone.

Halafu Jumanne moja, adhuhuri, wakati anamgeuza, mama aliteleza. Nusu ya mwili ilitoka kitandani, na yeye akabaki amemshikilia kwapani, goti likiwa limebanwa ukutani, hawezi kumwinua wala kumwachia. Alimwita mumewe. Mumewe alikuwa sebuleni, hatua kumi, anaupiga mdeki msasa.

"Alijibu nini?" Inspekta aliuliza.

"Alisema, 'Ngoja nimalize upande huu, nikiacha katikati hautakuwa sawa.'"

"Ulingoja muda gani?"

"Mpaka nikamteremsha mwenyewe sakafuni, kidogo kidogo. Halafu nikampandisha tena mwenyewe. Alipokuja alikuta nimemaliza, nampaka poda. Akasema, 'Kumbe umeweza.'"

Jioni ile mumewe alipoingia kuoga, yeye alipita sebuleni na kuuona ufito umetundikwa, unang'aa. Alijua utepe ule ni wa nini, alikuwa ameelezwa mara nyingi. Akaubandua, akaufunga chini kidogo. Hakupima. Kama ilikuwa sita, basi ilitokea sita.

"Ulitaka afe?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta kitu kabatini na kukuta nafasi tupu.

"Sijui nilitaka nini. Nilitaka kitu chake kimoja kiharibike. Jumamosi alirudi. Akala, akasema leo hakupiga vizuri. Nikasikia nafuu, halafu hiyo nafuu ikapita. Jumamosi nyingine akarudi. Jumamosi nne zote alirudi, afande. Na kila siku nilikuwa napita pale na beseni, nauona. Ni kitu cha kunyoosha mkono tu."

"Siku ngapi?"

"Thelathini na mbili. Nilikuwa nazihesabu."

"Kwa nini hukuurudisha?"

"Nilichoka," alisema. "Si kwamba nilikuwa na hasira. Hasira ingenifanya niurudishe au nipige kelele. Nilikuwa sina kitu."

Sajini alimsomea maelezo yake. Mjane alisahihisha mahali pamoja tu, palipoandikwa kwamba mama mkwe alianguka. Hakuanguka, alisema, aliteleza, na hakumwachia. Kisha akatia saini.

Hapo ndipo lilipokuja suala la ajuza. Inspekta alimpigia simu dada wa marehemu, akamweleza kwa kifupi. Kwanza kulikuwa na kilio, kisha maneno makali juu ya wifi yake, na alipoulizwa kama anaweza kuja kukaa na mama yake leo, alisema yuko safarini, chumba chake ni kidogo, watafute wenyewe serikalini. Ofisi ya ustawi wa jamii iliahidi kumtuma mtu kesho asubuhi. Hospitali ilisema kama hana homa, hana kitanda.

Mjane alikuwa amesimama mlangoni akiisikiliza simu ya mwisho. Alitazama saa ya ukutani.

"Saa yake imepita dakika ishirini," alisema.

Inspekta alikuwa ameshazitoa pingu. Alizirudisha mfukoni. Sajini alivua kofia, akakunja mikono ya sare, akanawa hadi kwenye viwiko, akaingia chumbani.

"Usimvute mkono," mwanamke alimwelekeza, akisimama upande wa pili wa kitanda bila kugusa. "Anza na nyonga. Bega litafuata lenyewe. Hivyo. Sasa mto katikati ya magoti, mfupa usikae juu ya mfupa."

Sajini alikosea mara ya kwanza, na ajuza akatoa sauti ndogo kooni. Akamrudisha, akaanza upya. Mara ya pili mwili ulikaa sawa. Mgongo ule ulikuwa laini, mzima, hauna kidonda hata kimoja. Miaka kumi na minne. Inspekta, aliyekuwa mlangoni, aliutazama muda mrefu kuliko alivyoitazama maiti.

Mwanamke aliinama, akamwambia mama mkwe wake kwamba anatoka, na huyu askari wa kike atakaa naye mpaka kesho. Ajuza alimwangalia kwa jicho lake moja linaloona. Haikujulikana kama amesikia. Kisha mwanamke alivaa viatu vyake vya kutokea, ambavyo vilikuwa na vumbi kwa kukaa, na kunyoosha mikono mbele bila kuambiwa.

Kabla ya kumfunga, Inspekta alifungua daftari lake na kuandika saa ya kumkamata mtuhumiwa: saa nane na dakika ishirini na tano. Akafikiri kidogo. Chini yake, kwa mwandiko uleule, akaandika saa kumi na dakika ishirini na tano, kugeuza. Akaichana sehemu hiyo ya chini na kumwachia Sajini mezani.